Kwa Mhehe Niliyemzika Kimya

Mtani,

Nakuandikia nimesimama. Karatasi iko juu ya meza ya kurandia, ina vumbi la mbao, na mie nimesimama kwa sababu tangu tukuzike kukaa kumenishinda. Nikikaa miguu inaanza kucheza yenyewe, nanyanyuka, nazunguka banda, narudi palepale. Mwezi uliopita niliranda mlango wa mama mmoja wa Boko mpaka ukawa mwembamba kama chapati. Alipokuja kuuchukua akaugonga kwa kidole, akaniuliza kama huu ni mlango au pazia. Ikabidi nimtengenezee mwingine.

Sababu unaijua. Ngoja niiseme mapema isije ikanikwama tena: uliniambia nisikubali uzikwe kimya, na mie nikakuzika kimya.

Ilikuwa pale kwenye benchi, nje ya banda langu hapa Tegeta. Ulikuwa umeshastaafu kuendesha malori ya saruji, lakini kila lori likipita kutoka Wazo lazima ulisikilize kwanza, useme gia ya ngapi imechoka, ndiyo uendelee na mazungumzo. Siku hiyo ulitoka kumzika dereva mwenzako ambaye hakuwa na mtani hata mmoja pale makaburini. Ukasema msiba ulikuwa mkavu, watu wamekaa kama wanasubiri vipimo hospitali. Halafu ukanigeukia. "Mngoni, siku yangu usikubali wanizike kimya. Ingia kaburini, dai kuku, nitukane mpaka katekista acheke." Nikakujibu kwamba hilo usihofu, kumtukana Mhehe aliyenyamaza nimekusubiria maisha yangu yote.

Na ndiyo kazi yangu ilikuwa hiyo. Wangoni na Wahehe tulipigana zamani, tukaishia kuwa watani, na mtani haendi msibani kulia. Wa kulia wapo. Mtani anaenda kumwigiza marehemu, kumsema, kulala kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku, ili watoto wa marehemu wacheke hata mara moja kabla ya udongo. Kwenye hayo mie nilikuwa na mdomo, unajua. Nimetania misiba mingi huku Wazo na Boko, watu wakaniita mpaka Bunju.

Lakini jeneza lako nililitengeneza mwenyewe. Sikukubali fundi mwingine aliguse. Nilishinda na kukesha na zile mbao za mninga, napima, nasema Mhehe huyu mfupi lakini mabega kama kabati, naongea na wewe humo humo, nakutukana kimyakimya. Nadhani maneno yote niliyamalizia pale bandani. Pale makaburini katekista alipouliza mtani yuko wapi, watu wakanipisha njia, wengine tayari wameanza kutabasamu. Binti yako Winfrida akaniangalia. Nikafika ukingoni, nikatazama chini, nikaona ule mfuniko ambao nilikuwa nimeupiga msasa asubuhi ile. Nikafungua mdomo. Hamna kitu. Nilisimama kama nguzo mpaka katekista akakohoa, akaendelea na sala. Nikasikia udongo unagonga mbao zangu.

Nimeona aibu nyingi maishani, mtani. Ile ni nyingine kabisa.

Basi habari za huku ni hizi. Shemeji hajambo, amerudi kwaya, ila bado anapika chai ya watu wawili. Benchi lako hakuna anayelikalia. Wateja wakija wanasimama tu, hata wasiokujua, sijui nani kawaambia. Na Winfrida amebadilisha salamu. Unakumbuka ulivyomfundisha tangu hajaanza shule? Anapiga goti vizuri, anainamisha kichwa, halafu anasema, "Shikamoo mateka," kwa sababu wewe ulidai babu yako alimkamata babu yangu vitani akamfunga kwenye nguzo ya ghala la mahindi. Na mie namjibu, "Marahaba, mtoto wa mateka," maana ukweli wa ile vita tunaujua sie. Amesoma, amekuwa nesi, mtu mzima kabisa, salamu ilikuwa ileile hata mbele ya wageni. Tangu siku ya makaburini ananiambia, "Shikamoo baba mdogo." Basi. Heshima yote. Ile heshima inanichoma kuliko kama angenitukana.

Wiki iliyopita amepata ajira Mbeya, hospitali moja ya huko, anatakiwa kuripoti. Safari Jumatatu. Siku ya Alhamisi akaja bandani, akanisalimia vilevile, akanipa karatasi aliyoikuta kwenye kabati lako. Nikaijua kabla sijaikunjua.

Ile ishu yako ya boti! Miaka ishirini na tisa umeteremka kile kilima cha Wazo na bahari unaiona mbele yako, na hujawahi kuingiza hata kisigino. Mie nikikwambia twende tukaoge unasema chumvi inaharibu rangi ya Mhehe. Halafu umestaafu, mtu mmoja kakwambia huko Ununio kuna mama anakodisha viboti vidogo, unaendesha mwenyewe, nahodha hakuna, unapita unaangalia vighuba vilivyojificha kati ya majabali na mikoko, unaegesha unakula, unarudi. Ukachanganyikiwa. "Nimevuta tela, kibakuli kile kitanishinda?" Ukachora ramani kwa kalamu ya risasi nyuma ya risiti, vighuba vitatu, cha tatu ukakizungushia duara na kuandika "hapa tunakula." Tukapanga tuwachukue na wake zetu iwe likizo, maana mie na wewe likizo tulikuwa tunaisikia kwenye redio tu. Presha yako ikatuwahi.

Winfrida akaniambia Jumamosi anataka kwenda, na anataka niende naye. Akasema kwa utulivu, akaangalia chini. "Baba mdogo, sikulaumu. Ila naondoka naona kama baba bado hajazikwa." Mtani, nilishika randa nikaanza kuranda kitu ambacho hakikutaka kurandwa. Nikamwambia sawa, twende. Moyoni nikajua nina mpaka Jumatatu tu. Akishapanda basi la Mbeya na ule mzigo, tutabaki kuwa watu wa shikamoo na marahaba mpaka na mie nikufuate.

Tukaenda. Mwenye boti ni mama wa pwani, ana kanga mbili na simu tatu, kila kitu anakisema mara moja. Akatuvalisha majaketi ya kuokolea, akanionyesha mashine ya nyuma inavyowashwa, kamba ya kuvuta, namna ya kugeuza. Unasukuma mkono kulia, boti inaenda kushoto. Hapo ungelia, Mhehe, maana kila kitu ni kinyume cha lori. Akasema tusitoke nje ya mwamba, na kwamba maji yamejaa sasa saa mbili, yataanza kutoka, tusikawie kwenye mikoko. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Winfrida alitaka kuuliza, nikamkatisha, nikasema nimekaaga Mbamba Bay kwa shangazi, maji hayanitishi.

Kweli nimekaa Mbamba Bay. Lakini lile ni ziwa, mtani. Ziwa Nyasa ukifunga mtumbwi asubuhi, jioni unaukuta umekaa palepale umekungoja. Mie nilidhani maji kutoka ni kutoka hatua mbili, tatu, kama dimbwi linavyokauka.

Vighuba viwili vya kwanza tulivipita tu. Sikutaka kusimama. Winfrida ananionyesha ndege weupe kwenye jabali, mie nimeshaongeza moto. Ananionyesha pango, nimeshapita. Nilikuwa naendesha kama nafukuzwa, na kila nikijaribu kutafuta neno la kuanzia, naongeza moto. Akaacha kunionyesha vitu. Tukafika cha tatu, kile cha duara lako. Kizuri, nisikudanganye. Mlango mwembamba kati ya mawe mawili, ndani kumetulia, mikoko pande zote, mchanga kidogo kwa juu. Nikakiingiza kiboti mpaka ndani kabisa, nikakifunga kwenye mkoko kwa fundo la kiseremala, fundo ambalo hata lori lako lisingelikata. Tukapanda mchangani na chapati za shemeji na chupa ya chai. Nilikula nimesimama. Halafu nikasema natembea kidogo nione nyuma ya lile jabali, nikatembea, nikarudi, nikaenda tena. Yeye amekaa ananiangalia tu.

Saa tano nikasema turudi. Tukashuka. Bahari haikuwepo.

Nakuapia. Kiboti kimelala ubavu juu ya tope, kimefungwa vizuri sana kwenye mti, na maji yenyewe yako kule nje ya mawe mawili, mbali, yanametameta kama hayatuhusu. Nikavua suruali nikabaki na bukta, nikaingia kusukuma. Nikazama mpaka magotini. Kandambili moja ikabaki humo, sijaiona tena. Nikasukuma nikatukana, nikasukuma nikatukana, kiboti hata hakikutikisika. Winfrida akampigia yule mama simu. Yule mama akacheka muda mrefu, tukamsikia anawahadithia wengine, halafu akasema tukae hapohapo tusivute chombo chake, maji yatarudi saa kumi na moja.

Saa sita nzima, mtani. Mie ambaye saa moja ya kukaa imenishinda. Mbele tope, nyuma mikoko, kandambili moja.

Nikazunguka pale mchangani mpaka nikachimba njia. Ndipo Winfrida akasema, taratibu tu, kama anaongea na mgonjwa wake. "Baba mdogo, leo huna pa kwenda. Mwigize baba."

Nikamtazama. Ana macho yako, yale ya kusubiri gari liwake. Sijui nini kilinishika. Nikarudi topeni, nikapanda kwenye kile kiboti kilichoinama, nikajilaza humo chali, mikono kifuani. Nikasema sitoki. Sauti ikatoka nyembamba, ya mtu mwingine, nikaogopa itakatika. Haikukatika. Nikasema sitoki humu mpaka niletewe kuku, na asiwe wa kisasa. Nikasema leo mbwa wote wa Wazo wamepumua, wamefanya mkutano, wamechagua mwenyekiti, maana Mhehe wa mwisho, mla mbwa, kaondoka. Nikasema amekufa na njaa ya Mngoni, maana ugali wangu aliula miaka ishirini akidai anauonja. Nikainuka nikakuigiza unavyopanda lori, unavuta suruali, unakohoa mara tatu, unagusa rozari, unagusa kioo, unashuka tena kwenda kukojolea tairi la nyuma, unapanda, unakohoa upya. Nikakuigiza unavyoimba kanisani, neno moja nyuma ya watu wote. Nikakutukana kwa mabega, kwa kofia, kwa ule mkorogo wa chai na ndizi. Nikakutukana kwa kuniacha. Hapo sauti ikapasuka lakini sikunyamaza, niliendelea kukutukana huku nalia, tope mpaka masikioni.

Winfrida alianza kwa kuziba mdomo. Halafu akacheka, kicheko kile chako cha kupiga mapaja, akacheka mpaka akakaa chini, na palepale kikageuka kilio. Alilia, mtani. Alilia kilio cha kukuzika. Mie nikajilaza tena ndani ya boti nikamwacha alie, kwa sababu kazi yangu ilikuwa nimeimaliza. Nilikaa humo chali muda mrefu sana. Miguu haikucheza.

Maji yaliporudi yalirudi polepole, kwanza kwenye vijito vya tope, baadaye chini ya kiboti, kikaanza kujinyanyua chenyewe. Akaja ukingoni, kavimba macho, kashika ile chupa ya chai. Akanipa mkono anitoe. "Toka, mateka. Kuku utaletewa."

Nilishika ule mkono nikatoka.

Kurudi aliendesha yeye, mie nilikaa mbele. Tukasimama kwenye vile vighuba viwili nilivyovipita, tukaangalia wale ndege weupe, tukaangalia lile pango. Ni pango tu, lakini ungelisimulia mwaka mzima. Jumatatu nikamsindikiza stendi ya Mbezi. Dirishani akaniambia nisithubutu kufa kabla hajapata likizo, maana kaburini kwangu anataka kuingia yeye mwenyewe, na kuku wake nianze kumfuga sasa hivi. Watu wakageuka kutushangaa.

Nimemnunua, mtani. Tetea mweusi, yuko hapa bandani anakula vumbi la mbao. Nakuahidi nitamtunza, nakuahidi nitamwangalia shemeji, na kila Winfrida akirudi nitamkalisha kwenye benchi lako nikutukane upya, usije ukadhani nimechoka. Na boti nikikodi tena nitauliza kwanza habari za maji.

Nimeshakaa. Nimeona sasa hivi, sijui nilikaa saa ngapi. Pumzika, Mhehe. Umeshazikwa.

Mateka wako