Simu Pacha

Jumanne jioni

Na bado mama hapokei.

Leo nimeshinda, lakini sina raha. Betri ya simu yangu imevimba mpaka kioo kimebanduka, na haijamaliza hata mwaka. Mwenye duka, hapa Molenbeek, huku ughaibuni, alitaka kunituma kwa watengenezaji. Nikamwambia sheria ya hapa inambana muuzaji miaka miwili, na risiti ninayo. Akaipokea simu.

Kisha akaishika kwa vidole viwili, akatoka nayo uani, akaifukia kwenye ndoo ya mchanga kwa kuhofia moto. Humo mlikuwa na nyingine tatu kama yangu.

“Madamu, hapa umenunua mbili,” akasema, akiisoma risiti. “Ya pili iko wapi?”

Ya pili iko Tanga. Nilimpelekea mama kwa mkono wa shemeji. Wiki iliyopita alilalamika kwamba haiingii tena vizuri kwenye kava. Nikamwambia aisukume kwa nguvu. Mimi, kwa mdomo wangu.

Mama hulala nayo chini ya mto, ikiwa kwenye chaji, asije akakosa simu yangu.

Nimepiga mara sita kwa simu ya kuazima. Mara tano iliita. Sasa haipatikani.