Wapenzi wa Doris Wayland

Garbatella, Roma
Novemba

Mdogo wangu Nives,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, wewe na wanao, na hasa kile kijukuu ambacho bado sijakipakata. Goti linasemaje na baridi ya huko Udine? Mimi nipo, macho bado yanaweza kutunga uzi kwenye sindano. Lifti ya jengo letu imegoma tena, basi napanda ngazi huku nikiitukana serikali.

Sasa keti nikupe habari. Zile takataka tulizotengeneza ujanani siku hizi zinaitwa sanaa.

Alikuja kwangu kijana mmoja, Manlio Cerruti, mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa amegundua kwamba ni mimi niliyeshona majoho ya watawa katika ile picha yetu ya sinema ya ngome, akaniomba niende kwenye tamasha lao. Nilimwuliza anaona nini katika picha ambayo watawa wanavuliwa nguo kila mlango unapofunguliwa. Akaacha kahawa yangu ipoe huku akinieleza wekundu wa mapazia, muziki wa kinanda, na uasi dhidi ya Kanisa. Uasi. Wewe na mimi tunajua mapazia yalikuwa mekundu kwa sababu ndiyo tuliyoazimwa, na nguo zilivuliwa kwa sababu wanaume walikata tiketi waone zikivuliwa.

Nilikwenda. Ukumbi ulijaa vijana wenye ndevu na wasichana waliovaa fulana zenye uso wako, chini yake Doris Wayland, lile jina la Kimarekani walilokubandika ili picha iuzike. Mabango yako yaliuzwa mlangoni kama picha za watakatifu. Valsecchi, mwongozaji wetu, aliketishwa mbele, mzee aliyepaka nywele rangi nyeusi tititi, na kila mtu anamwita Maestro, bingwa wa sanaa.

Taa zikazimwa. Nitakwambia wewe tu: nilipokuona una miaka ishirini na minne, unashuka ngazi na mshumaa, hasira iliniisha. Ulikuwa mzuri ajabu, na ule muziki wa kipuuzi bado unajua pa kumshika mtu. Nikaelewa kinachowanasa wajinga hawa.

Kisha ikaja ile sehemu ya kisimani. Unaikumbuka Februari ile, na Valsecchi akikurudisha majini mpaka midomo ikabadilika rangi. Mimi nilikuwa pembeni ya kamera na blanketi nililokatazwa kukuletea. Sauti yako waliiondoa, wakaweka ya mwanamke mwingine anayeguna kwa raha. Lakini uso wako unalia, Nives, na midomo inasema Fernanda. Unaniita mimi. Ukumbi ukacheka, wengine wakapiga makofi.

Ulipofika wakati wa maswali, Valsecchi akajisifu kwamba kile kilio kilikuwa kazi yake, kwamba yeye alijua kumkamua mwigizaji machozi. Nikasimama.

“Hakuwa anaigiza,” nikasema. “Alikuwa anamwita dada yake, na dada mwenyewe ni mimi.”

Manlio akavua miwani, akaniuliza kwa upole Doris yuko wapi, maana wamemtafuta miaka mingi, wana tuzo yake. Hata Valsecchi aligeuka.

“Bibi, yu hai?” akaniuliza Valsecchi.

Nilifikiria duka lako la dawa, kwaya ya parokia, na wanao wasiojua lolote. Lakini nisijisafishe: nilifikiria zaidi nywele zile za Valsecchi zilizopakwa rangi.

“Alikufa,” nikamjibu. “Baada ya kisima chako mapafu hayakupona.”

Valsecchi akashika mkono wa kiti chake. Wakamtoa nje wamemshika mikono, na wale waliocheka wakasimama wameinamisha vichwa, fulana zao zikiwa na uso wako.

Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba wewe ni marehemu, usishtuke, ni mimi. Sijutii. Ila uhai ni wako, na sikukuuliza kabla ya kukuua. Namba ya Manlio nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ukitaka, mpigie, umwambie dada yako ni mwongo. Usipotaka, pumzika kwa amani na unywe mvinyo wako.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na ulifunge vizuri hilo goti.

Dada yako akupendaye,
Fernanda