Maji Uliyotutajia, Mayu

Mayu,

Jana nilikuwa Rujewa. Nilifika kaburini kwako, nikang'oa majani, nikashindwa kusema hata neno moja, maana Maduhu alikuwa amesimama nyuma yangu. Unamjua mtoto wako wa kwanza, akiona machozi ya mtu anaanza kukohoa kama ng'ombe mwenye mafua. Kwa hiyo nakuandikia. Leo sijaenda sokoni Uyole. Magunia ya mchele yananisubiri, na yasubiri.

Mambo yamebadilika tangu ututoke. Maduhu amepunguza ng'ombe, siku hizi analima mpunga na kulalamika kuliko wakulima wote wa Usangu. Masele, kitinda mimba wako, amepata lori la kuendesha, akipita Uyole ananipigia honi mpaka majirani wa sokoni wananiuliza kulikoni. Mimi bado niko mtaani Soweto, na mume wangu ni yule yule Mnyakyusa wako. Baridi ya mwaka huu imetutia adabu. Jioni nikiwasha jiko nakuona umejikunja ndani ya kitenge, unasema nchi ya baridi hivi si ya watu. Nina hamu nawe, Mayu. Hamu ya kuuma kabisa.

Unaukumbuka mfereji wa mashamba ya mpunga? Maji yakipungua ulikuwa unatukusanya na fimbo zetu za kuvulia, unapandisha kitenge magotini, unaingia kwenye tope. Wanaume waliopita na mifugo walikuwa wanacheka, Msukuma gani huyu anaacha maziwa anafuata kambale. Wala hukugeuka. Ukimvuta kambale unamtazama kwa dharau, unasema, "Huyu ni tope lenye mkia." Halafu unaanza: sato wa kwetu, ningu wa kwetu, maji ya kwetu unayaingia unaona vidole vya miguu. "Siku moja nitawapeleka kaskazini, mkavue kwenye maji ya kweli." Siku moja, siku moja. Ukatangulia.

Sasa tumekata shauri. Tukishavuna tunakwenda. Lakini likizo ya Masele ni fupi na gari ni la kuazima, tunaweza kufika sehemu moja tu. Tukakaa sebuleni kwa Maduhu kuchagua, na hapo ndipo vita vilipoanza. Maduhu akasema ni Mto Simiyu, kule Magu unakoingia ziwani, kwa sababu ulimwambia mvua zikianza ningu wanapanda mto hadi unawasikia. Masele akasema thubutu, ni Ukerewe, penye mawe makubwa na sato wamelala chini yake, ulimwambia yeye kwa mdomo wako. Na mimi najua ni Mto Mara, pale Kirumi, kwenye mafunjo. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Nikamwambia Masele wewe ulikuwa unasinzia kabla hadithi haijaisha. Akanuna. Mume wangu akachomekea kwamba Wasukuma hata wakipewa ziwa zima watatafuta pa kunyweshea ng'ombe. Tulicheka, ila mimi roho ilikuwa juu. Niliogopa tutasafiri mwendo wote ule, kisha tufike kwenye maji ambayo si yako.

Nikampigia mama mdogo Kabula, mdogo wako wa Magu. Nikamuuliza, mama alikuwa anavua wapi hasa? Akacheka kile kicheko chenu. "Kuvua? Mama yako hajawahi kuvua huku, mwanangu."

Mayu!

Kumbe ndoano ulijifunzia Rujewa, ukubwani, pamoja na sisi wanao. Mama mdogo akanieleza taratibu. Kwamba ninyi wasichana kazi yenu ilikuwa kuparua samaki na kuwaanika. Kwamba mwanamke akipanda mtumbwi, wavuvi walisema, nyavu zinarudi tupu. Na babu alipokuwa anahamahama na mifugo, kila mlipofika wewe uliomba upandishwe. Uliomba Kirumi. Uliomba Simiyu. Ukerewe, mlipokwenda kumsalimu shangazi yenu, hata hukuomba, ulipanda tu ukakaa. Wakakushusha mbele za watu, na shangazi akakwambia umemwaibisha.

Nililia, Mayu. Yale ya sato chini ya mawe uliyasikia kwa kaka zako, wewe ukiwa umesimama ufukweni na kisu mkononi. Ukatugawia kila mtoto maji yake, usituambie kwamba uliyaona kwa mbali. Nimekukasirikia kidogo, nisikufiche. Mimi binti yako, ungeniambia ungepungukiwa nini?

Basi nikaacha kuuliza wapi kuna samaki. Nikamwagiza mama mdogo aulize ni wapi watanipandisha. Kirumi wakajibu kwamba nitatafutiwa mahali pazuri pa kukaa ufukweni, tena penye kivuli. Simiyu mwenye mtumbwi alikubali, mradi nisiguse mshipi wa ndoano. Nikasema asante, abaki na mtumbwi wake. Ukerewe akapatikana mama mmoja mjane, mtumbwi ni wake mwenyewe, anavua tangu mumewe afariki. Hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Aje, ila avae nguo ya kulowa."

Kwa hiyo ni Ukerewe. Masele anajisifu kwamba ameshinda, na mimi nimemwacha ajisifu. Maduhu nilipomweleza habari yako alikohoa muda mrefu, kisha akaenda kuangalia kama matairi ya gari yana upepo.

Pumzika, Mayu wangu. Ardhi ya Usangu ikulaze vizuri, hata kama uliisema sana. Nakuahidi hivi: nitapanda mchana kweupe, watu wote wakitazama. Nitakaa katikati ya mtumbwi na mshipi nitaushika mwenyewe. Nyavu zikirudi tupu, zirudi tupu. Nitashuka nikichoka.

Binti yako,
Minza