Huzuni ya Kuazima

Alhamisi. Thika imefunikwa na mawingu tangu asubuhi, baridi ile ya Julai inayofanya hata kompyuta iamke kwa kusitasita. Mimi niko sawa. Nimeona aibu kidogo wiki hii, lakini niko sawa.

Kwa wageni hapa: nina duka dogo la kuchapa karibu na soko, na kazi inayonilisha ni vitabu vya mazishi. Vile vyenye picha ya marehemu mbele, ratiba katikati na maneno ya familia nyuma. Marehemu hata kama aliishi kwa Kikuyu maisha yake yote, kitabu chake lazima kiwe cha Kiingereza. Sijui nani alipitisha hiyo sheria, lakini mimi ndiye askari wake.

Ndiyo maana Kiingereza changu cha huzuni kimekishinda cha furaha mbali sana. Kwa furaha nina "happy" na "blessed", basi. Kwa huzuni nina ghala.

Sasa nikiri. Watu wengi huja bila maneno. Mwanaume amefiwa na mkewe, anakaa kwenye kiti changu cha plastiki, anasema, "Andika tu vile huwa." Na mimi huandika vile huwa. Nafungua faili ya zamani, natoa jina la mke wa yule, naweka la mke wa huyu. "I am devastated. I am heartbroken. You have left a void that no one can fill." Yaani nimevunjika moyo, umeacha pengo lisilozibika. Kuanzia Ruiru hadi huku, wanaume wamekuwa "devastated" kwa mkono wangu.

Hakuna aliyewahi kulalamika.

Hadi jana. Baba Wanja alitoka Gatuanyaga kuja kukagua kitabu cha mkewe kabla sijachapa. (Majina nimebadilisha. Amenipa ruhusa ya kuandika, bora nisitaje ana ng'ombe wangapi.) Ni mtu wa miaka sitini hivi, mpole, vumbi la barabara ya kwao bado liko kwenye kola. Alisoma ukurasa wake polepole, kisha akatoa mfukoni kitabu kingine, cha mazishi ya mke wa jirani yake Kamande, mwezi wa pili. Akaviweka sambamba mezani.

"Mama Kui," akaniambia, "haya ni maneno ya Kamande."

Nikaangalia. Mstari kwa mstari. Hata koma. Na kitabu cha Kamande nilikichapa mimi.

"Nilikuwa hapo akisoma," akasema. "Ijumaa nikisimama niseme hivi, watu wa kwetu watasema nimeazima huzuni vile tunaazimana wilbaro ya samadi."

Nikamwongezea chai.

Akaniuliza hiyo "devastated" ni nini hasa. Nikamweleza ni kama upepo umebeba mabati yote ya nyumba. Akafikiri. "Hapana. Mabati yangu yako. Leo nimeamka, nimekama, nimekula. Hiyo ni ya mtu hawezi kuamka." "Heartbroken" akaicheka, kwa heshima: "Si hiyo ni ya wasichana wakiachwa?" "Sad" tuliiona ndogo, inatosha timu ikifungwa. "Sorrow" ina suti ya kanisani. Ni ya mchungaji kusema juu ya wengine. "Grief" ilimvutia nilipomwambia ni ile inayohamia kwako na kukaa, unaweza kuwa nayo mwaka mzima huku unacheka na watu.

"Hiyo iko njiani," akasema. "Bado haijafika."

Ghala langu lilikuwa linaisha. Nikamwambia kuna "lonely".

"Hiyo ni kukaa peke yako?"

"Hapana, hiyo ni 'alone'. 'Lonely' inakushika hata nyumba ikiwa imejaa."

Akaniambia kwamba tangu mkewe afariki nyumba haijawahi kuwa tupu. Kamati ya mazishi, wamama wa kanisa, mashemeji. Hata choo kina foleni. Kila mtu anamwambia pole. Lakini juzi aliingia sebuleni na gambuti miguuni zimejaa samadi, akafika hadi kwenye kochi, na hakuna mtu alimwambia kitu. Miaka thelathini na nne mkewe alikuwa akimpigia kelele pale mlangoni azivue.

"Nilisimama hapo," akasema. "Nikingoja."

Nikaandika kwamba ni mpweke, nyumba imejaa, lakini hakuna wa kumwambia avue gambuti: "I am lonely. The house is full, but nobody tells me to remove my gumboots." Akasoma mara mbili, akagonga karatasi kwa kidole. "Huyu sasa ni mimi."

Leo asubuhi simu ikalia. Wanja, binti yake, ambaye ndiye aliyeniletea kazi.

"Auntie, hapana. Watu wa ofisi yetu wanakuja kutoka Nairobi. Gumboots kwa eulogy ya Mum? Tafadhali rudisha ile ya kwanza, ile iko na devastated."

Nitasema ukweli: niliifungua ile faili. Mazishi ni kesho, na mimi si mtu wa kugombana. Vidole vilikuwa tayari vinatembea. Kisha akilini nikamwona yule mtu akisimama mbele ya majirani zake na maneno ya Kamande mkononi, wote wakijua.

"Mpigie baba yako kwanza," nikamwambia Wanja. "Usimkosoe. Muulize tu hiyo siku ya gambuti ilikuwaje."

Alinipigia baada ya nusu saa, sauti imeshuka. "Si basi tuweke hata shoes?"

"Baba yako alisema gambuti, mami."

Akacheka, na kile kicheko kikageuka kilio njiani. "Mum alikuwa anamwita mtu wa matope. Acha tu, Auntie. Acha vile alisema."

Nilichapa saa nane. Jioni hii najiuliza ni wanaume wangapi nimewasimamisha kaburini na huzuni isiyo saizi yao, kwa sababu mimi nilikuwa na haraka. Nimetafuta neno la hali yangu. "Sorry" ni ya mtu aliyekukanyaga sokoni. Labda "regret", majuto. Nitalala nalo, nione kama litanitosha.

Miaka yote hii sijawahi kwenda mazishi ya mteja. Huwa nasema kazi ni nyingi. Lakini Baba Wanja aliniambia hajawahi kushika maikrofoni maishani mwake.

Kesho nafunga duka, naenda Gatuanyaga. Nitakaa viti vya nyuma. Akikwama katikati, atakuwepo angalau mtu mmoja anayejua mstari unaofuata.