Njiwa wa Luqman Wananing'oa Kitini

Mpendwa mshauri Bi Zuleikha, nanyi makomredi wote mnaoitegea sikio redio hii kutoka Likoni hadi Changamwe, wenzangu katika mapambano dhidi ya dhuluma: naomba msaada, kwa maana utawala unapinduliwa, na utawala wenyewe ni mimi.

Jina langu ni Sabah, mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu. Mwaka jana niliziunganisha familia za hapa Likoni zenye watu wanaoishi na ulemavu, tukaunda mfuko wa amana wa pamoja, ambamo fedha za wote huwekezwa kwa pamoja ili zizae, lakini kila mlengwa ana fungu lake mwenyewe, na kamati humlipia moja kwa moja anachokihitaji, ili wazazi wakishatangulia mbele ya haki asitokee mjomba wa kulila fungu hilo kwa kisingizio cha kulitunza. Nilichaguliwa mwenyekiti kwa vigelegele, na wallahi nilistahili.

Tatizo ni kaka yangu Luqman, ambaye viungo vyake havimtii tangu kuzaliwa na maneno yake hutoka polepole, nami kwa kuwa ni mwepesi wa ulimi nimezoea kummalizia sentensi, basi mkutano uliopita aliposema, "Mimi ninataka...", nikasimama nikatangaza, "Anataka kiti kipya cha magurudumu!", ukumbi ukashangilia, azimio likapita, kiti kikanunuliwa, kumbe alitaka njiwa. Njiwa, mshauri! Na banda lao! Nilipomweleza kwamba fungu lake ni la mazoezi ya viungo, si la starehe za kibwanyenye, akajibu, "Fungu... ni langu," nami kwa kuheshimu taratibu nikamtaka alete bei za maandishi kutoka kwa wauzaji watatu tofauti, na muuzaji wa kwanza tu, kule Kisauni, akamcheka: "Bwana, njiwa wangu watakuwa wameruka kabla sijamaliza kuandika."

Jumatatu walengwa wakaandamana hadi barazani kwetu, Luqman mbele, juu ya kiti kile kile nilichompigania, na mabango yao, "HAKUNA UAMUZI JUU YETU BILA SISI", niliyaandika mimi kwa mkono wangu kwa maandamano ya mwaka jana. Kadzo, mwenzao asiyeona, alipoambiwa bango lake liko juu chini, akasema, "Mwacheni mwenyekiti alipindue, si kazi yake kupindua maneno yetu?" Sasa wameitisha mkutano Jumamosi hii kuniondoa, na nyumbani Luqman hazungumzi nami ila kupitia kwa mama: "Mama... mwambie mwenyekiti... anipe sukari."

Je, nijiuzulu, au niandae hotuba ya kujitetea? Nahofia nikiondoka, leo njiwa, kesho farasi! Saa na mahali nimeviandika nyuma ya bahasha; watangazie makomredi waje kuniunga mkono.

Sabah, Likoni

Bi Zuleikha anajibu:

Waalaykum salaam, Sabah mwanangu, ingawa salamu hukuitoa.

Pokea pongezi kwanza. Mfuko huo ni kazi ya kishujaa, na wako wajomba wanaokosa usingizi kwa ajili yako. Lakini katika barua ndefu namna hii nimemtafuta Luqman, nikakuta umemwacha amalize sentensi mbili tu, na moja ni ya sukari. Umeulinda mfuko dhidi ya wajomba, kisha ukawa mjomba wewe.

Sikiliza. Mazoezi yakilipiwa na fungu likabaki, njiwa ni matumizi yake halali, maana mtu haishi kwa kunyooshwa miguu peke yake. Lisipotosha, mwonyeshe hesabu, achague yeye. Risiti idaiwe, kwani bila risiti mfuko hufa. Lakini risiti moja, ya muuzaji mmoja. Na banda likae mbali na kamba ya nguo za mama yako.

Usijiuzulu kwa kununa, wala usiandike hotuba. Nenda ukakae safu ya nyuma, utie ubuyu mdomoni, na Luqman akianza sentensi, wewe mumunya mpaka aimalize, hata adhana ya magharibi ikimkuta katikati. Wakikuondoa, kubali. Wakikubakisha, waombe radhi kabla ya kukikalia kiti. Na sukari mpelekee leo, kwa mkono wako.

Tangazo lako nalitoa, kwa marekebisho. Makomredi, mkutano ni Jumamosi, ukumbi wa jamii, Likoni. Mzungumzaji ni Luqman. Kuanza ni saa kumi na nusu alasiri. Kumalizika ni pale atakapomaliza.