Alama ya Chaki Sakafuni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta homa imeshakuacha na ile miwani mipya imekuzoea, kwa maana nina mengi ya kukueleza na sitaki usomewe na mtu. Huku sote hatujambo. Mimi ni mzima ukiacha magoti, ambayo uzeeni yamenipatia kazi kwenye makumbusho ya vita. Usicheke kwanza, soma.

Najua hupendi kusikia habari za jengo lile. Ulikwenda mara moja tu, walipotundika picha ya vijana wa mawasiliano ya jeshi, ile ambamo mwanao, mpwa wangu asiyerudi vitani, ameinama anafunga kamba za kiatu. Uso hauonekani, ukamjua kwa umbo la sikio lake. Ukumbi ulikuwa mwembamba kama uchochoro, watu wamebanana, na kabla hujashiba kumtazama mlinzi akakuambia, “Mama, songa mbele, wenzako wanasubiri.” Ulisonga mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo hujataka hata kupita mtaa ule. Sikukubishia wakati ule na sikubishii leo.

Ila sasa wanalipanua, na wanavyolipanua ndivyo vilivyonivutia. Wangeweza kufunga milango mpaka kazi iishe. Hawakufunga. Lango kubwa limezibwa, lakini wageni wanaingizwa kwa mlango wa nyuma uliokuwa wa kupitishia mizigo, na njia imefagiliwa na kuwekewa mishale. Uzio wa mabati wameutoboa matundu ya kuchungulia, mengine juu kwa watu wazima, mengine chini kwa watoto na wanaotembelea viti vya magurudumu. Nakuambia, siku hizi watu wanatazama mafundi kuliko mizinga. Fundi mmoja wa plasta ameshajua kuwa anatazamwa, basi ananyoosha ukuta kwa madaha kama bwana harusi. Ukumbi mpya umeshaezekwa, sakafu imesuguliwa, yamebaki madirisha na taa.

Penye ngazi za zamani wamejenga mteremko. Mteremko, dada, si ngazi iliyolazwa. Ukiwa mkali, mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuupanda peke yake. Ukilegezwa sana, unakuwa mrefu mpaka mtu anachoka kabla hajafika. Kwa hiyo katikati huachwa mahali palipo sawa, mtu apumue. Mhandisi wao ni binti mmoja mpole wa sauti, mkali wa macho. Alipomaliza mteremko wa kwanza alimwita mzee mmoja mwenye kiti cha magurudumu aujaribu. Mzee huyo tunamwita Rubani, kwa jinsi anavyoteremka. Rubani akamwambia kuwa ule ulikuwa mteremko wa mbuzi. Binti alicheka, na kesho yake akaamuru uvunjwe. Nimeona wasomi wengi wakitetea makosa yao mpaka kaburini. Huyu alisimama akitazama nyundo zikishuka kwenye kazi yake, bila kununa.

Na mimi kazi yangu ni kuchoka. Natembea ukumbini kwa mwendo wangu, na pale magoti yanaponigomea nasimama. Binti anachuchumaa, anapiga alama ya chaki sakafuni, na hapo ndipo litakapowekwa benchi. Nimefundisha maisha yangu yote, lakini sijapata kuona uchovu wa mzee ukiandikwa kwa heshima namna ile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Picha ya vijana wa mawasiliano inahamia ukumbi mpya. Mahali pake pameshabandikwa karatasi ukutani, na mbele yake ni peupe, mtu anaweza kurudi nyuma akatazama anavyotaka. Tulipofika pale, dada, magoti yangu hayakuwa na neno. Nilijishika kiuno, nikaguna, nikasema nimechoka. Rubani alinitazama, akakohoa. Binti akapiga alama.

Nilirudi nyumbani nimefurahi, lakini usiku nikaanza kupiga hesabu. Mabenchi yana bajeti yake, na huenda langu la uongo lingemnyima mtu aliyechoka kweli kwingineko. Asubuhi nikamfuata binti nikamweleza yote: wewe, uchochoro ule, mlinzi, sikio la mwanao. Nilitazamia aifute alama kwa kiatu. Alichuchumaa akaipitia tena kwa chaki mpaka ikakolea. Kisha akasema, “Litakaa hapa hapa, babu. Sasa niambie, mama mwenyewe ana kimo gani?”

Nikamwambia unanifika begani. Kisha nikasema labda kifuani. Mwishowe nikakiri kuwa sijui, maana sote tumepungua. Akanieleza, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi, kwamba benchi likiwa juu miguu inaning’inia na mtu hakai sana. Likiwa chini, hawezi kuinuka bila kushikwa mkono. Hataki kukisia. Anakuomba uje kabla ya siku ya ufunguzi, wakati hakuna msongamano, ukae. Ukumbi utakuwa wako mpaka wewe mwenyewe useme basi. Usipokuja, ataliweka kwa kimo cha kawaida na hakuna atakayekulaumu. Nimeshamwambia wewe si mtu wa kubembelezwa. Rubani naye anasema atakupokea mlangoni na kukuteremsha. Kukupokea mkubalie. Kuteremshwa naye, kataa.

Nisalimie wakwe na wajukuu wote, na jirani yako fundi cherehani umwambie kanzu imenikaa vizuri. Wifi yako anakusalimu na kukuandalia kitanda, hata kabla hujajibu.

Jana nililiona benchi. Ni la mbao, pana, lina mahali pa kuegemea. Nilitaka kukaa, fundi akanizuia: skrubu za kupandisha na kushusha miguu amezisokota kwa vidole tu, na ameagizwa asizikaze mpaka ukae wewe.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni,

Mwalimu