Kura ya Klabu Yako

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wifi naye mzima, na wale watundu wenu bado hawajaibomoa nyumba. Goti lako je, limepata nafuu? Mimi sijambo, ila mafua, na kazi za ukatibu wa chama chetu cha sataranji zimenibana hadi chai nainywa nimesimama.

Leo nina habari za fundi cherehani. Unamkumbuka, yule wa klabu ya sokoni, anayecheza huku sindano zimechomekwa kwenye ukosi. Uchaguzi uliopita, wewe ukiwa umeshahama, aligombea uenyekiti akashindwa kwa kura moja. Hakununa. Alimpa mwenyekiti mkono, akarudi kushona mashati ya shule. Ningekuwa mimi ningelia mwezi mzima.

Basi Jumamosi iliyopita tulikuwa na mkutano mkuu, kwenye ukumbi ule ule wenye viti vinavyolia. Fundi akaomba kusema. Alituuliza kwa nini mchezo wa watu wawili tunauandika hatua kwa hatua, kila mmoja na karatasi yake, mwishoni wote wakatia sahihi, ilhali kura za kumchagua kiongozi wetu sote zinahesabiwa na watu watatu chumbani, mlango umefungwa. Mwenyekiti akajaribu mzaha kwamba hatukuja kupimwa nguo. Aliyecheka ni yeye peke yake.

Kaka, nilimvulia kofia! Alitaka kura zihesabiwe mbele ya watu, kwenye ubao mkubwa wa kufundishia. Klabu za mbali nazo zije zipige kura zenyewe ukumbini, badala ya kutuma kura yao kwa barua kwa katibu. Na barua za uchaguzi uliopita zirudishwe kwa klabu zilizoziandika, kila moja ithibitishe kwa sahihi kwamba kura ilikuwa yake. Mtu akamwambia anatafuta mchawi. Akajibu taratibu kwamba hata akithibitishiwa kuwa alishindwa kihalali atalala vizuri, anachotaka ni karatasi mbili zinazolingana. Mikono ikanyooshwa ukumbi mzima, hata ya waliompinga zamani. Nilimpenda siku ile, nasema kweli.

Kazi ya kuzituma barua hizo ni yangu. Ya klabu yako, ile uliyoiongoza kabla hujahama, imo ndani ya bahasha hii.

Hutaikumbuka, kwa sababu hukuiandika. Klabu ilikuwa imeshakufa, lakini jina lake lilibaki kwenye orodha yangu. Mwenyekiti aliniambia akibaki yeye, ukatibu utabaki wangu. Nikakaa mezani nikaiga sahihi yako, ile yenye mkia mrefu. Bila kura hiyo wangelingana, na tungerudia uchaguzi.

Nimekwenda dukani kwa fundi mara mbili kumwambia, nikaishia kuulizia bei ya vifungo. Mara ya pili nilitoka na zipu mpya tu. Aibu ninayo, kaka, na wewe nimekukosea kabla ya yeye.

Nakujua. Tangu utotoni ukinikuta na kosa unalibeba wewe. Hili niachie. Nakuomba, kwa mapenzi yote uliyonayo kwangu, usiitie sahihi. Andika chini yake kwamba si yako, kisha umrudishie fundi, si mimi. Anwani yake nimeiandika kwenye bahasha ya pili.

Nisalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda.

Mdogo wako,
katibu, kwa siku chache zilizobaki